Kitufe Chekundu: Nilivyoweka Swichi ya Kukata Sauti Kwenye Gitaa Langu

Gitaa langu la umeme lina kitufe chekundu pale palipokuwa na toni ya pili. Nikikibonyeza, sauti inakatika, nikikiachia, inarudi. Hakina kazi nyingine. Nyuzi zinaendelea kutetemeka, mkono wa kushoto umeishikilia noti ileile, lakini spika iko kimya muda wote kidole kikiwa juu yake. Sasa kibonyeze kwa mapigo, uone noti moja ndefu inavyogeuka mdundo: ta-ta-ta, ta-ta, ta. Wengi wakiisikia hudhani nimeweka pedali mpya.

Aliyenitia hamu ni Tom Morello wa Rage Against the Machine. Ni Mmarekani, ila baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya, kwa hiyo sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kumsikiliza. Tangu albamu ya kwanza ya bendi yake, iliyotoka 1992, Morello amekuwa akiitumia swichi ya kuchagulia pikapu kama ngoma. Kwenye Les Paul kila pikapu ina voliyumu yake. Unaifunga voliyumu moja mpaka sifuri, nyingine unaifungua yote, kisha unaipigapiga swichi huku na huku: upande mmoja kelele, upande wa pili kimya. Kama gitaa lako ni la aina hiyo, jaribu leo kabla hujashika bisibisi. Pengine hutahitaji kusoma zaidi ya hapa.

Langu ni la umbo la Stratocaster. Pikapu tatu, swichi ya hatua tano, voliyumu moja kwa zote. Ujanja wa Morello haufanyi kazi hapo, na ndiyo maana nikatafuta kitufe. Mpiga gitaa Buckethead anacho, chekundu, cha aina ile ya mashine za michezo ya video. Jonny Greenwood wa Radiohead naye anacho kwenye Telecaster yake.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Jina linasema kukata sauti, na mara ya kwanza nililichukulia hivyohivyo: nikaukata waya unaokwenda kwenye jeki, nikaweka kitufe katikati ili kikibonyezwa waya uachane. Sauti ya nyuzi ilikatika, ndiyo, lakini badala ya ukimya nikapata mvumo mzito, ule wa umeme wa ukutani wa Hz 50. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria. Waya unaokwenda kwenye amplifaya ukiachwa unaning'inia bila kushikana na kitu, unageuka antena, unaokota kila uchafu wa umeme uliomo chumbani. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na kila nilipobonyeza, ule mvumo ulijaa ukumbi mzima. Nililifungua gitaa usiku uleule.

Njia sahihi ni kinyume chake. Waya wa sauti hukati. Unauunganisha na ethi. Kitufe kikibonyezwa, sauti inashika njia ya mkato kwenda ethi na amplifaya haipati kitu. Ni sawasawa na kuishusha voliyumu mpaka sifuri, ila kwa kasi ya kidole. Hakuna kinachoungua, maana umeme unaotoka kwenye pikapu za kawaida ni mdogo mno.

Kwa hiyo unahitaji kitufe ambacho kikiwa kimetulia hakiunganishi, kikibonyezwa kinaunganisha, kikiachiwa kinarudi. Kitufe cha kengele ya mlangoni kinafanya kazi hivyohivyo, na ukimwelezea hivyo muuza spea za elektroniki Kariakoo atakuelewa bila maneno mengi. Chukua mita, weka kwenye mlio, shika miguu miwili ya kitufe. Kimya. Bonyeza: pii. Achia: kimya tena. Mita ikilia kabla hujabonyeza, kirudishe. Vile vinavyobaki chini ukibonyeza mara moja viache pia. Vinafaa kuzima gitaa kati ya wimbo na wimbo, havifai kupiga mdundo. Nunua viwili, maana vya bei nafuu huchoka. Na kibonyeze mara ishirini za haraka palepale dukani. Kidole kikichoka, kitufe hicho kiache; na kikitoa mlio mkali wa "tak", pikapu zako zitausikia na zitaupeleka kwenye spika.

Halafu mahali. Hapa nilitumia siku tatu, na sijutii. Nilikata kipande kidogo cha utepe wa karatasi, nikakibandika kwenye bamba la plastiki, nikapiga nyimbo zangu zote za kawaida nikiangalia mkono wa kulia unapita wapi. Sehemu niliyodhani ni nzuri, karibu na nyuzi, mkono ulikuwa unaigusa kila nikipiga chemko. Toni ya pili ilikuwa mahali pake hasa: haiguswi kwa bahati mbaya, lakini kidole cha kati kinaifikia bila mkono kuhama. Tena kwenye mpangilio wa kawaida wa nyaya za Stratocaster toni hiyo ni ya pikapu ya katikati tu, na mimi sikuwahi kuizungusha. Nikaitoa.

Kabla ya kuitoa, piga picha ya nyaya kwa simu. Picha nyingi, kutoka kila upande. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kapasita, kile kidude kidogo cha duara au cha bapa kilicholehemiwa kwenye toni. Magitaa mengi ya umbo hili yana kapasita moja tu inayotumiwa na toni zote mbili. Ikiwa imekaa kwenye ile unayoitoa, ihamishie kwenye inayobaki, la sivyo utapoteza toni zote. La pili ni ethi: migongo ya voliyumu na toni huunganishwa kwa waya mmoja unaopita kwa zamu, na ukiitoa ya katikati ya mnyororo huo, ya mwisho inabaki bila ethi. Hakikisha kwa mita.

Tundu la toni lilikuwa dogo kuliko kitufe changu, ambacho shingo yake ni milimita 12. Plastiki ile haipendi drili ya haraka, inapasuka. Nilitumia tupa ya mviringo, nikizungusha taratibu, napima, nazungusha tena. Dakika ishirini. Kina nilikipima kwa njiti ya kiberiti: niliisimamisha ndani ya shimo la gitaa mpaka ikagusa mbao, nikaweka alama ya kucha usawa wa juu, kisha nikailaza kando ya kitufe. Kitufe kilikuwa kifupi kuliko alama. Kingekuwa kirefu, bamba lisingefunga, na ningekuwa nimeharibu tundu bure.

Kulehemu kwenyewe ni sehemu fupi. Nyaya mbili tu. Mmoja unatoka mguu wowote wa kitufe kwenda mguu wa katikati wa voliyumu, ule unaopeleka sauti kwenye jeki. Wa pili unatoka mguu wa pili kwenda mgongoni mwa voliyumu, ambako ndiko ethi. Kitufe hakijali mguu upi ni upi. Paka risasi kwanza kwenye ncha ya waya na kwenye mguu, kila kimoja peke yake, ndipo uviunganishe. Hapo havihitaji joto la muda mrefu, na miguu ya kitufe imeshikwa na plastiki inayoyeyuka upesi. Mgongo wa voliyumu unameza joto zaidi, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 40 kinafaa kuliko kile kidogo cha wati 15. Usipulize. Acha risasi ipoe yenyewe. Ikikaa laini na imeshika mguu vizuri, imeungana. Ikikaa kama tone lililosimama juu juu, rudia. Dawa ya kulehemu ya mafundi bomba usiiguse kabisa, ina asidi na itakula nyaya.

Gitaa likiwa na betri ndani, jeki yake ina miguu mitatu, na wa tatu kazi yake ni kuiwasha betri unapochomeka waya. Huo usiuguse. Kazi yako ni ncha, yaani mguu wa sauti, na ethi pekee.

Nilikuwa nimebandika karatasi ya shaba ndani ya shimo la gitaa kuzuia mvumo. Nilipofunga skrubu zote 11 na kuchomeka, gitaa lilikuwa bubu. Nilibonyeza, nikaachia, hakuna. Mguu wa sauti wa kitufe ulikuwa umeigusa shaba, na shaba imeunganishwa na ethi, kwa hiyo kitufe kilikuwa kama kimebonyezwa daima. Kipande cha utepe wa umeme kilimaliza tatizo. Tangu siku hiyo najaribu kabla ya kufunga: nachomeka, naweka sauti ndogo, nagonga sumaku ya pikapu kwa bisibisi. Tik. Nabonyeza kitufe, nagonga tena. Kimya. Ndipo nafunga.

Kupiga ni somo lake. Gitaa safi lisilo na pedali noti yake hufifia upesi, na kitufe kinakuwa hakina cha kukatakata. Weka distoshani au kompresa, ushikilie noti, kisha bonyeza. Mwangwi unabadilisha kila kitu: kitufe kiko kwenye gitaa, yaani kabla ya pedali zote, kwa hiyo ukikata sauti mwangwi wa noti iliyopita unaendelea kulia. Wakati mwingine ni mzuri ajabu, wakati mwingine unajaza ule ukimya uliokuwa unautafuta. Mimi hupunguza.

Anza polepole. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ukigawa pigo moja mara nne, kila sehemu ni sekunde 0.125, na nusu yake ndiyo ya kubonyeza. Hapo kidole kikichelewa kidogo tu wimbo mzima unasikika unayumba. Nilikaa wiki mbili na mpiga ngoma wetu, yeye akipiga hai-hat tu, mimi nikishikilia noti moja. Siku nilipoipata, kwenye kilele cha sebene, solo ilikaa kimya pale hasa alipopiga snea, ikarudi baada yake, na nikaona watu waliokuwa wamekaa wakisimama.

Neno la mwisho ni kwa wenye magitaa ya zamani, hasa yale yaliyopita kwenye bendi za dansi na bado yana rangi yake ya kwanza. Usiyatoboe. Nunua kikasha cha chuma, weka jeki mbili na kitufe kinachounganisha ncha na ethi, kiweke sakafuni ukibonyeze kwa mguu. Mguu ni mzito kuliko kidole na hautafika kasi ileile, lakini gitaa litabaki zima. Magitaa hayo yamebaki machache.