Nesi ni Nesi? Somo Fupi Kuhusu Mipaka ya Kazi ya LPN Marekani

Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu kuna ugomvi ambao haujaisha mpaka leo. Mwaka jana bibi alipandisha presha. Mjomba akamwandikia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi ya uuguzi Minnesota: "Wewe ni nesi, tuambie, tumwongezee dawa au tumpunguzie?" Dada akajibu kwamba yeye hana ruhusa ya kubadilisha dozi ya mtu, wampeleke bibi hospitali alikoandikiwa. Basi, maneno yakaanza. "Amesoma Marekani halafu presha tu haijui." "Anaringa huyo." Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa upande wa mjomba.

Likizo iliyopita nilimpigia nimuulize vizuri. Tuliongea karibu saa mbili, na niliyojifunza naona yanatufaa wengi hapa chuoni: wenye ndugu kule, wanaofikiria kwenda baada ya kuhitimu, na hata sisi wa ualimu ambao hatutashika sindano maisha yetu yote.

LPN ni nani?

Dada si "nesi" tu. Ni LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni. California na Texas mtu huyohuyo anaitwa LVN. Juu yake yuko RN, muuguzi aliyesajiliwa. Chini yake wako wasaidizi wa wauguzi, ambao huogesha, hulisha na kugeuza wagonjwa kitandani. Hata hapa kwetu kuna ngazi: muuguzi wa cheti, wa stashahada na wa shahada si kitu kimoja, ingawa wote wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Tatizo ni sisi wananchi. Tukiona gauni jeupe tunaita "nesi" na kumaliza.

Ili uwe LPN unasoma kama mwaka mmoja, mara nyingi kwenye chuo cha kati au cha ufundi, kisha unafanya mtihani unaoitwa NCLEX-PN. Unafanyika kwenye kompyuta, muda wake ni saa 5, na tangu 2023 maswali ni kati ya 85 na 150. Wenzio wanaweza kukuacha ukiendelea, kwa sababu kompyuta humkatisha mtu pale inapopata uhakika kwamba amefaulu au amefeli.

Ukifaulu, leseni inatolewa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, si na serikali ya shirikisho. Hilo tulishike, kwa sababu kila jimbo lina sheria yake ya uuguzi. Majimbo mengi yameingia mkataba wa leseni ya pamoja, lakini hata ukiwa na leseni hiyo, unafuata sheria ya jimbo alipo mgonjwa.

Anaruhusiwa nini?

Orodha si fupi. LPN anapima presha, joto, mapigo ya moyo na sukari. Anagawa dawa za kumeza. Anachoma sindano za kwenye msuli na za chini ya ngozi, ikiwemo insulini. Anasafisha na kufunga vidonda, anaweka na kutoa mpira wa mkojo, anamlisha mgonjwa kwa mpira. Anaandika anachokiona na kutoa taarifa hali ikibadilika. Haya yote anayafanya chini ya maelekezo ya RN, daktari, au mtaalamu mwingine anayetambuliwa na sheria ya jimbo.

Nikamuuliza: "Sasa dada, kama unafanya yote hayo, RN anakuzidi nini?"

Akacheka. "Mikono yetu inafanya mengi yaleyale, mdogo wangu. Wewe angalia nani anaamua."

Jozi tatu za kukumbuka

Ya kwanza: kukusanya taarifa na kufanya tathmini. LPN anakusanya taarifa, kama namba ya presha, rangi ya kidonda, na maumivu anayoyasema mgonjwa. Tathmini kamili, ya kuziunganisha taarifa zote na kusema tatizo la mgonjwa huyu ni hili na lile, ni ya RN. Majimbo kama Texas na Minnesota yanamruhusu LPN kutathmini jambo mahususi, kwa mfano kidonda au kifua, lakini ile kamili siyo yake.

Ya pili: kuchangia mpango na kuutunga mpango. RN ndiye anayetunga mpango wa uuguzi wa mgonjwa. LPN anautekeleza, na anasema panapohitaji kurekebishwa. "Huyu kageuzwa kila saa mbili kama mlivyoandika, lakini ngozi bado inakuwa nyekundu." Sauti yake inahesabika, ila kalamu ya mwisho siyo yake.

Ya tatu: kurudia somo na kuanzisha somo. Hii ndiyo iliyonigusa kama mwanafunzi wa ualimu. Mgonjwa amegundulika na kisukari leo. RN anaanza naye: anapima anaelewa nini, anaogopa nini, kisha anapanga amfundishe vipi kujidunga insulini. Baada ya hapo LPN anarudia. Anamtazama akijidunga, anamsahihisha mkono, anamkumbusha kubadilisha sehemu ya kuchoma, na akiona hajaelewa anamrudishia RN taarifa. Kwa lugha yetu ya darasani, RN ndiye mwenye andalio la somo na LPN anasimamia mazoezi.

Nilitaka kubisha, kwamba kurudia nako ni kufundisha. Dada akakubali. "Lakini somo lenyewe likiwa na kosa," akaniuliza, "ataitwa nani?"

Mfano wa dripu

Anayetaka kuona majimbo yanavyotofautiana aangalie dripu. California, LVN aliyesoma kozi ya ziada na kupata cheti anaruhusiwa kuanzisha dripu na kutundika maji, lakini kuingiza dawa kwenye mshipa kwa ujumla si ruhusa yake. Majimbo mengine yanaruhusu zaidi ya hapo, mengine pungufu. Na hata sheria ikiruhusu, kituo chenyewe kinaweza kukataza. Kwa hiyo mtu akikwambia "LPN wanafanya hivi", muulize: jimbo gani?

Usiku wa fomu

Dada yuko kwenye nyumba ya kulea wazee, na LPN wengi wa Marekani wanafanya kazi sehemu kama hizo. Kwa nyumba zinazolipwa na mipango ya serikali ya Medicare na Medicaid, sheria ya shirikisho inataka kwa kawaida RN awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku. Saa zilizobaki lazima awepo muuguzi mwenye leseni, na huyo anaweza kuwa LPN. Ndiyo maana usiku LPN anaweza kuwa muuguzi pekee jengoni. Lakini sheria hiyohiyo inasema tathmini kamili ya mkazi lazima ifanywe au iratibiwe na RN, na RN ndiye anayesaini kwamba imekamilika.

Usiku mmoja, dada akiwa na miezi minne tu kazini, aliletwa mzee mpya kutoka hospitali. Msimamizi akapiga simu: jaza fomu ya tathmini yote, saini, asubuhi tusianze na viporo. Dada akampima mzee vipimo vyote, akamkagua ngozi, akaandika "kisigino cha kulia chekundu, hakijachubuka", akampa dawa zilizoandikwa. Kisha akapiga simu na kusema sehemu iliyobaki inamhitaji RN, yeye hawezi kuisaini. Upande wa pili wakakata simu.

RN alikuja asubuhi, akaanzia pale kwenye kisigino. Wiki iliyofuata zamu za dada zikashuka kutoka tano hadi tatu. Hakuambiwa sababu.

Nilipohesabu miezi nikanyamaza. Ule ndio mwezi ambao hela yangu ya hosteli ilichelewa, nami nikamwandikia ujumbe wa lawama mrefu kama barua. Hakuniambia kitu.

Jipime

1. Mgonjwa aliyekuwa sawa asubuhi, mchana presha imeshuka ghafla. LPN afanye nini? Apime tena, aandike, amjulishe RN au daktari hapohapo. Asiamue mwenyewe kubadilisha dozi.

2. RN amebanwa, anamwomba LPN akamfundishe mgonjwa kwa mara ya kwanza namna ya kujihudumia nyumbani baada ya upasuaji. Afanye? Hapana. Amweleze RN kwamba somo la kwanza ni lake. Kurudia baadaye anaweza.

3. LPN mwenye miaka 15 kazini amehamia jimbo jingine, siku ya kwanza anaambiwa aanzishe dripu. Afanye? Kwanza aangalie sheria ya jimbo, utaratibu wa kituo, na kama cheti chake kinatambulika pale. Uzoefu peke yake hautoshi kuwa ruhusa.

Na sisi?

Mwaka jana nikiwa TP, mwalimu wa somo langu alisafiri. Nikaachiwa Kidato cha Nne peke yangu wiki tatu. Siku ya mwisho nikapewa karatasi ya alama za maendeleo, nikaambiwa nijaze na nisaini kwa jina lake. Kuna wanafunzi sita ambao sikuwahi kuona kazi zao. Nikajaza. Nikasaini. Nilijisifu kabisa hosteli kwamba shule imeniamini.

Mwaka huu tunakwenda tena, na wengine wetu watapewa karatasi kama ile. Ushauri wangu ni ule alionipa dada: fanya yote yaliyo yako, tena vizuri, andika ulichokiona kwa macho yako, halafu mtafute mwenye sahihi. Inaweza kukugharimu. Yeye ilimgharimu zamu mbili kwa wiki.

Kwenye grupu nimeshaandika, nikamwomba dada msamaha mbele ya wote. Mjomba hajajibu, ameweka kidole gumba tu. Bibi alipelekwa hospitali, daktari akambadilishia dawa, na sasa anaendelea vizuri.