ELIMU KWA WANANCHI: MANENO YA SOKO LA HISA NA MAANA YAKE

Watumishi wa Serikali wanaokaribia kustaafu, pamoja na wananchi wote wenye akiba, wanatanabahishwa kuwa si vyema kutia fedha katika jambo ambalo maneno yake hayajafahamika. Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Kikipotea hakina badala. Kwa hivyo, maneno ya msingi yanaelezwa hapa chini.

HISA. Tuchukue mfano wa jahazi lenye thamani ya Sh. 10,000,000 lililogawanywa mafungu 1,000 yaliyo sawa. Kila fungu ni hisa moja ya Sh. 10,000. Aliyenunua mafungu 50 ametoa Sh. 500,000, naye ni mwanahisa, yaani mshirika katika mali, si mkopeshaji.

GAWIO. Ni sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa. Likitolewa gawio la Sh. 600 kwa hisa, mshirika wetu atapata Sh. 30,000. Mwaka usio na faida huenda asipate kitu, wala hana haki ya kudai.

BEI YA SOKO. Hupanda na kushuka kwa kadiri ya wanunuzi na wauzaji. Bei ikishuka hadi Sh. 8,000, hisa zake 50 zitakuwa na thamani ya Sh. 400,000. Hata akihesabu gawio lake, atakayeuza siku hiyo amepata hasara ya Sh. 70,000.

SOKO LA AWALI NA SOKO LA PILI. Kampuni inapouza hisa mpya kwa umma, fedha huingia katika kampuni. Hilo ndilo soko la awali. Baadaye wanahisa huuziana wao kwa wao. Hilo ni soko la pili. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwezi wa Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa Tanzania Oxygen Limited.

HATIFUNGANI. Hii ni hati ya mkopo. Mwenye nayo hulipwa riba iliyokwisha kutajwa, na mwisho wa muda hurejeshewa fedha zake. Mwenye kujihadhari na riba aitofautishe na hisa, na katika hisa pia achunguze biashara ya kampuni yenyewe.

DALALI. Mwananchi hanunui sokoni kwa mkono wake, bali kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Leseni ionwe kabla ya fedha kutolewa.

Inasisitizwa kwamba anayeahidi faida isiyokosa hauzi hisa, maana mwenye hisa hushiriki faida na hasara. Fedha za chakula, ada za skuli na matibabu zisipelekwe huko. Aliyekwisha kununua awajuilishe watu wake na ahifadhi karatasi zake, ili warithi wasitaabike.