Matembezi ya Siku Moja Kutoka Lembeni: Chakula, Maji na Dawa za Familia

Lembeni ni mji mdogo wilayani Mwanga, kando ya barabara kuu inayounganisha Moshi na Same. Mashariki yake imesimama milima ya Upare Kaskazini. Magharibi, tambarare kavu huelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Familia inayofikia hapo wakati wa likizo inaweza kuchagua kutazama wanyama Mkomazi, kula samaki bwawani au kupanda Usangi kusalimia wazee, na kurudi kabla ya usiku. Kila mwelekeo una hatari zake, na baadhi hujitokeza siku nyingi baada ya matembezi kwisha. Kwa sababu hiyo somo hili linamhusu mzazi anayefunga mkoba asubuhi, na vilevile mhudumu wa afya atakayempokea mtoto mwenye homa wiki mbili baadaye.

Kabla ya kuondoka

Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu huacha dawa za kuongeza mkojo siku ya safari, wakiogopa kusimamisha gari mara kwa mara. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kuacha dawa bila ushauri kunaweza kupandisha shinikizo au kumrudishia mwenye ugonjwa wa moyo uvimbe na shida ya kupumua. Mgonjwa aulize kliniki mapema iwapo saa ya kumeza dawa inaweza kusogezwa. Mhudumu naye asisubiri kuulizwa: swali "Je, una safari karibuni?" lina nafasi yake katika kila hudhurio.

Mwenye kisukari achukue dawa zake, kipimo kama anacho, na kitu chenye sukari. Chakula cha mchana kikichelewa, jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa huashiria kuwa sukari imeshuka. Kama bado anaweza kumeza, apewe sukari au soda ya kawaida mara moja, kisha ale. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala isigusane na barafu, kwani joto kali na kuganda vyote huiharibu.

Tambarare na Mkomazi

Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, hufikiwa kupitia lango la Zange karibu na mji wa Same. Inajulikana kwa faru weusi na mbwa mwitu. Ni nyika yenye joto, na watoto wadogo na wazee hupungukiwa maji upesi. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani na yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu kuwa kali. Mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Abiria wasishuke isipokuwa mahali palipoidhinishwa.

Bwawani

Nyumba ya Mungu ni bwawa lililojengwa katika mto Pangani miaka ya 1960, na perege wake ni kitoweo kinachopendwa. Samaki aliyekaangwa akaiva hadi kwenye mfupa, akaliwa angali moto, hana tatizo. Tatizo ni kuogelea. Katika maji baridi yaliyotulia, konokono wanaweza kuhifadhi vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini hata kama haina jeraha. Maji kuonekana safi si uthibitisho wa usalama. Watoto wacheze ukingoni bila kuingia majini, na maonyo ya wavuvi kuhusu mamba na viboko yafuatwe.

Mlimani

Barabara za milimani zina kona nyingi. Anayetapika garini akae mbele, atazame mbali, na ale kidogo kabla ya kupanda. Upare Kusini, mlima Shengena hufikia mita 2,462, na baridi ya msitu wa Chome huwashangaza waliotoka tambarare wakiwa na shati jepesi. Kwa mtoto mwenye selimundu, baridi na upungufu wa maji vinaweza kuanzisha maumivu makali. Sweta na chupa ya maji kwake ni sehemu ya tiba.

Mezani

Chakula kisipimwe kwa ukubwa wa mgahawa. Makande yanayotokota kwa mama lishe yanaweza kuwa salama kuliko nyama iliyopoa katika hoteli yenye vitambaa mezani. Mambo manne yatazamwe: chakula kiwe moto, mikono ioshwe kwa maji tiririka na sabuni, matunda yamenywe na mlaji mwenyewe, na kachumbari iepukwe pale ambapo usafi wa maji haujulikani. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye joto la Same, muda huo upunguzwe.

Mtoto akianza kuharisha, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, aendelee kula au kunyonya, na apelekwe kituoni apewe zinki. Damu kwenye choo, macho yaliyodidimia au kutapika kila kitu ni dalili za kwenda kituoni bila kusubiri.

Baada ya kurejea

Katika mradi wa malaria wa Pare-Taveta wa mwaka 1954 hadi 1959, dieldrini ilipuliziwa ndani ya nyumba za eneo hili. Malaria ilipungua sana, kisha ikarejea taratibu upuliziaji uliposimama. Hata leo mbu huwa wengi zaidi tambarare kuliko kwenye vilele, na mtoto aliyekulia mahali penye malaria kidogo huwa na kinga ndogo dhidi yake. Kwa kuwa mbu wa malaria huuma zaidi usiku, familia inayochelewa kurudi ivae nguo ndefu, na wote walale ndani ya chandarua.

Homa ya malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati matembezi yamekwisha kusahaulika. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Parasetamoli hushusha joto lakini haiui vimelea. Degedege, usingizi usio wa kawaida au kushindwa kunyonya ni dharura. Aliyeingia bwawani aeleze hivyo kituoni, hata kama hana dalili, kwa kuwa mayai ya kichocho huenda yasionekane katika vipimo vya wiki za mwanzo.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa wa moyo ataka kuacha dawa ya kuongeza mkojo siku ya safari. Ashauriwe nini?
2. Kwa nini kukosekana kwa jeraha hakumkingi muogeleaji na kichocho?
3. Mtoto wa Usangi ana homa siku 12 baada ya kulala Lembeni. Ni swali gani na kipimo gani visikosekane?