Kombe la bega lililopanda halishushwi kwa kukandwa

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka minne. Bega lake la kushoto liko juu kuliko la kulia, na mkono huo akiuinua haufiki sikioni. Bibi yake anasema nilimbeba vibaya mgongoni alipokuwa mchanga. Kuna mzee anamkanda kwa jiwe la moto na kulivuta bega lishuke. Sasa anataka kumchanja chale. Tuendelee? – Mama, Kifungilo, Lushoto.

JIBU: Msiendelee, mama. Acheni leo hii.

Hadithi ya mbeleko nimeisikia mpaka nimechoka, na kila mara mwenye kubebeshwa lawama ni mama. Kombe la bega huanza kuumbika karibu na shingo mimba ikiwa na wiki tano hivi, kisha huteremka hadi mgongoni kabla mwezi wa tatu haujaisha. Kwa watoto wachache haliteremki lote. Mjerumani Otto Sprengel, daktari wa upasuaji, aliwaeleza wagonjwa wanne wa namna hiyo mwaka 1891, na hali hiyo ikapewa jina lake. Kama ndiyo aliyonayo binti yako, alizaliwa nayo. Kanga yako haina kosa.

Sasa jiwe la moto. Kombe lililopanda hushikiliwa na misuli iliyokaza, na kwa baadhi ya watoto kuna kipande cha mfupa au gegedu kinacholiunganisha na uti wa mgongo. Jiwe haliyeyushi mfupa, linaunguza ngozi. Kuvuta kwa nguvu kunaweza kujeruhi mishipa ya fahamu ya mkono, na hapo ulemavu mdogo unakuwa mkubwa. Wembe wa chale unaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na Virusi vya Ukimwi. Mtoto analia, mzee analipwa, bega liko palepale.

Si kila bega lisilo sawa lina hali hiyo ya Sprengel. Mvue mtoto nguo ya juu, simama nyuma yake mchana, utazame kama ncha za chini za makombe yote mawili ziko sawa. Kwa mtu mzima, mwambie asukume ukuta kwa viganja: kombe likichomoza kama bawa, huenda mshipa wa fahamu umeumia. Wabebaji wa magunia mazito begani wanaweza kupata hilo. Lakini kinundu kikiwa katikati ya uti wa mgongo, pamoja na homa za jioni, kukonda au miguu kulegea, huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Hapo usisubiri hata siku ya gulio. Dawa zake hutolewa bure nchini.

Mpeleke binti Hospitali ya Wilaya ya Lushoto apigwe picha ya eksirei. Uti wa mgongo na figo navyo vikaguliwe, kwani wakati mwingine huwa na hitilafu pamoja na bega. Ikibidi, mtapewa rufaa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi. Hali ikiwa nyepesi, mazoezi hutosha. Ikiwa nzito, upasuaji huleta matokeo mazuri zaidi kati ya miaka mitatu na minane.

Binti yako ana minne, mama. Muda bado upo. Msiumalizie kwa mkandaji. Nendeni hospitali wiki hii.