Mtoto Aliyezaliwa Mapema Ana Hesabu Yake



Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, huitwa mtoto njiti. Nyumba humpokea kwa shukrani, lakini baada ya miezi michache maneno huanza. Mwana wa jirani ameketi, wenu bado. Mama mkwe anauliza, mume ananyamaza, mke analia usiku. Kisha kila mmoja anatafuta kosa upande wa mwenzake. Mara nyingi kosa halipo. Kilichokosewa ni hesabu.

Mimba huchukua kiasi cha wiki 40. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8. Katika wiki hizo angekuwa bado tumboni, akinenepa huku mapafu na ubongo vikikomaa. Kwa hiyo, mnapotazama maendeleo yake, ziondoeni katika umri wake. Akifika miezi 6, mtazameni kama mtoto wa miezi 4. Watoto wengi huketi bila kushikwa wakiwa na miezi 6 hivi. Wenu huenda akaketi akiwa na miezi 8. Endeleeni na hesabu hiyo mpaka atimize miaka 2.

Chanjo ni jambo jingine. Hizo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, isipokuwa daktari aelekeze vingine.

Baba ana kazi gani? Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, madaktari waliokuwa na upungufu wa vifaa vya kuwatia watoto joto walianza kuwaweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo huitwa kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama peke yake atawezaje saa zote hizo? Ndugu mume, kifua chako nacho kina joto. Mpokee mtoto, ili mkeo ale, aoge na kulala. Akiisha kupumzika, atakamua maziwa yake kwa utulivu, nayo ndiyo chakula bora kwa mtoto huyu, hata kama ananyweshwa kwa kikombe.

Hata hivyo, hesabu hii isiwe sababu ya kungoja tu. Mtoto akikataa kunyonya, akipoa mwili au pumzi ikikatika, mkimbizeni hospitali. Akiwa mkakamavu au mlegevu kupita kiasi, au uzito wake ukiacha kupanda, mwelezeni daktari mapema.

Leo jioni ketini pamoja. Andikeni tarehe mbili: siku aliyozaliwa, na siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Na jamaa wakiuliza tena mbona bado haketi, mume ajibu kwanza.