Kompyuta inapomkumbusha daktari kupima ini

Ukienda kwa daktari ukilalamikia goti, atakutibu goti. Hajakosea. Lakini je, kama mwilini mwako mna ugonjwa mwingine usiouma, ni nani atakayeukumbuka?

Ugonjwa mmoja wa aina hiyo ni homa ya ini ya aina ya C. Virusi vinavyouleta vilitambuliwa mwaka wa 1989. Huenea kupitia damu: kwa sindano inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa damu isiyopimwa kabla ya kuongezewa mgonjwa, kwa vifaa vya matibabu visivyotakaswa vyema, na wakati mwingine kutoka kwa mama hadi kwa mtoto anapozaliwa. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kusalimiana.

Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, yapata 7 hubaki na virusi maishani wasipotibiwa. Mtu aweza kukaa miaka 20 au zaidi bila dalili yoyote, huku ini likijaa makovu na hatimaye kupata saratani. Kikulacho ki nguoni mwako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana ugonjwa huu, na kwamba watu 242,000 hivi walifariki kwa sababu yake mwaka wa 2022.

Hakuna chanjo ya aina ya C. Hata hivyo, kuna tiba. Vidonge vilivyoanza kupatikana katika muongo uliopita huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100, kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Kwa hivyo, tatizo kubwa ni kumpata mgonjwa kabla ini halijaharibika.

Funzo kutoka Marekani

Mwaka wa 2012, wakuu wa afya nchini Marekani walishauri kwamba kila aliyezaliwa kati ya 1945 na 1965 apimwe mara moja, kwa kuwa takriban robo tatu ya wenye virusi nchini humo walikuwa wa rika hilo. Kuanzia mwaka wa 2014, sheria ya jimbo la New York iliwataka wahudumu wa afya wawape watu hao nafasi ya kupimwa.

Lakini ushauri ulioandikwa si kipimo kilichofanywa. Daktari ana dakika chache tu, na mgonjwa amekuja na shinikizo la damu, kisukari na kikohozi. Mgonjwa naye hajui cha kuuliza. Hapo ndipo hospitali nyingi zilipoamua kuitumia kompyuta.

Kazi yake ni hii. Daktari anapofungua faili ya mgonjwa, kompyuta hutazama tarehe ya kuzaliwa na majibu ya maabara yaliyohifadhiwa. Ikiona kwamba mtu huyo hajawahi kupimwa, ilani hutokea kwenye skrini. Daktari aweza kuagiza kipimo papo hapo, au aandike kwamba mgonjwa amekataa au alishapimwa kwingine. Ilani isipojibiwa, hurudi ziara ijayo. Mwaka wa 2020 ushauri ulipanuliwa na kuwahusu watu wazima wote, na ilani zikabadilishwa ipasavyo.

Ilani pekee haitoshi

Ilani zina madhara yake. Zikiwa nyingi mno, daktari huzizoea na kuzifunga bila kuzisoma. Kwa sababu hiyo, zinapaswa kuwa chache na zimlenge anayehusika tu.

Aidha, kipimo cha kwanza huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Cha pili ndicho kinachoonyesha kama virusi vingalimo. Wengi hupotea kati ya hatua hizo mbili. Dawa yake ni maabara kuendelea na kipimo cha pili kwa damu ile ile, ili mgonjwa asiitwe tena. Baada ya hapo, lazima pawe na mtu wa kumfikisha kwenye matibabu. Kompyuta haimezi vidonge.

Usidhani mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Huko Eldoret, katika kliniki ya watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wahudumu waliopewa vikumbusho vilivyoandaliwa na kompyuta walitekeleza asilimia 68 ya kazi zilizokuwa zimechelewa, kama vile vipimo. Wale wasiopewa walitekeleza asilimia 18 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2013.

Nawe ufanyeje?

Usingoje ilani. Muulize daktari kuhusu kipimo hiki ikiwa umewahi kujidunga dawa za kulevya hata mara moja, uliongezewa damu zamani kabla ya damu kupimwa ugonjwa huu, unasafishwa damu kwa sababu ya figo, unaishi na virusi vya Ukimwi, au mama yako alikuwa na ugonjwa huu. Daktari akikuambia kwamba kipimo cha kwanza kimeonyesha maambukizi, uliza cha pili kitafanywa lini. Majibu yako yaandike na uyahifadhi, kwani hospitali utakayokwenda kesho huenda isiwe na faili yako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini likishaharibika kabisa, ukuta wake ni ghali mno.