Tumeamua, Mbona Hatujatosheka?

Mara ngapi tumeketi tukaamua jambo kwa kauli moja, kumbe baada ya miezi miwili manung'uniko yanaanza: "Afadhali tungenunua mbuzi wa maziwa"? Tenki lipo, maji yapo, lakini roho hazijatulia. Kwa nini?

Kutosheka hakuletwi na kitu tulichochagua peke yake. Kunategemea pia tulivyofikiri tukichagua, na nia iliyotusukuma.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba mtu hawezi kupima kila njia iliyopo. Huweka kipimo cha kinachotosha, na akikipata anasimama. Lakini wako wasiosimama mpaka wapate kilicho bora kuliko vyote. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za wanafunzi wa vyuo vya Marekani waliokuwa wakitafuta kazi. Wale wa kutaka kilicho bora kabisa walipata mishahara iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 20 hivi. Lakini ndio hao hao ambao hawakuridhika sana na kazi walizopata!

Tena nia zetu si moja. Mmoja anasukumwa na faida, mwingine na hofu ya hasara. Mwenye hofu akiharakishwa, hatatulia hata mradi ukifaulu. Mwenye hamu akicheleweshwa sana, naye atachoka.

Basi tufanyeje?

1. Kabla ya kuuliza bei, kila mmoja aseme anataka nini na anaogopa nini. Katibu aandike yote.
2. Tukubaliane kipimo. Kwa mfano: tenki la lita 5,000, lisilozidi pesa zilizoko, na fundi awe karibu.
3. Tulinganishe vitu vitatu hivi, si kumi na vitatu. Kinachotimiza kipimo tukichukue.
4. Tuweke tarehe ya kuupima mradi. Kabla ya hapo, tuache kuhesabu mbuzi ambao hatukununua.

Hii si kusema tupokee chochote tu. Hesabu isipoeleweka, tungoje. Lakini kikundi kisichojua kinachokitosha hakitashiba, hata kikipewa shamba zima.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni uamuzi gani wetu bado unanung'unikiwa? Wanaonung'unika walitaka nini tangu mwanzo?
2. Ni nani kati yetu huwa hatumsikilizi kabla ya kuamua?